Shule Iliyobisha Hodi Kwetu

Kanisani kwetu ushuhuda una utaratibu wake. Unasimama, unasema "Bwana asifiwe", watu wanaitikia "Amina", unasimulia ulikotoka na ulipofika, makofi yanapigwa, unaketi. Nimesimama hivyo kwa ajili ya ugonjwa uliopona, kwa karatasi za safari, hata kwa kazi ya mume wangu. Huu wa leo haujapata nafasi madhabahuni kwa sababu unahusu bajeti ya shule, na mchungaji wetu hapendi mambo ya serikali yachanganywe na ibada. Ndiyo maana nauandika.

Sisi ni watu wa Fizi, Kivu ya Kusini. Vita vya mwaka 1996 vilipopamba moto wazazi wangu walivuka Ziwa Tanganyika wakapokelewa Kigoma, nami nikakulia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo katika wilaya ya Kasulu kwa ajili yetu Wakongo. Nilisoma pale, nikaolewa pale, nikazaa watoto wawili pale. Baadaye majina yetu yakatokea kwenye orodha ya wanaohamishiwa Marekani, tukatua Kansas City, upande wa Missouri, na hapo akazaliwa kitinda mimba wetu. Huyo ndiye mwenye habari hii.

Nilipokwenda kuwaandikisha wakubwa shule nilipewa fomu nyingi, na moja ilikuwa na swali: je, nyumbani kuna mtoto ambaye bado hajafikia umri wa kuanza shule? Nikajibu ndiyo, maana ndio ukweli. Haukupita muda simu ikaita, mkalimani akiwa katikati. Alikuwa mama mmoja, mwalimu wa wilaya ya shule. Alitaka kuja nyumbani kwetu, akae na mimi na mtoto kwa muda wa saa moja hivi, na awe anakuja kila mwezi. Malipo? Hakuna, ni bure.

Neno hilo la "bure" ndilo lililomtia mume wangu wasiwasi. Kambini alizoea kwamba cha bure kina foleni, lakini foleni unaiona kwa macho. Huku cha bure kina nini nyuma yake? Na tulikuwa tumeshasikia mengi. Kila Mkongo aliyefika Marekani amesimuliwa habari ya familia iliyomwachia dada mkubwa wadogo zake kwa nusu siku, kama tunavyofanya kwetu, jirani akapiga simu, na jioni watu wa ustawi wa jamii wakawa sebuleni. Sasa mgeni wa serikali aje mwenyewe atazame unavyolea? Wamama kadhaa niliokuwa nasali nao walikuwa wameshaikataa simu hiyohiyo. Mimi nilikubali kwa hesabu ya woga: niliona kukataa kutaonekana kama nina ninachoficha.

Hapa niseme kidogo wilaya ya shule ni nini, maana msomaji wa Kasulu au Uvira atadhani namzungumzia mkuu wa wilaya. Katika sehemu kubwa ya Marekani ni chombo kinachojitegemea. Kina bodi inayochaguliwa na wananchi, kinakusanya kodi ya nyumba na mali, kinaajiri walimu, na mipaka yake haifuati lazima mipaka ya mji. Ukihama mitaa michache unaweza kujikuta umebadilisha wilaya ya shule bila kubadilisha mji. Missouri iliamua kwamba kazi ya chombo hicho isingoje mtoto afike darasani. Mwaka 1981 wilaya nne zilijaribu mpango wa kuwatembelea wazazi wenye watoto wachanga nyumbani kwao, na mojawapo ilikuwa Independence, jirani yetu kabisa hapa Kansas City. Maofisa wa elimu walikuwa wameona kwamba watoto wengine wanafika chekechea wakiwa wameshaachwa nyuma, na mwalimu wa chekechea hawezi kuirudisha miaka mitano iliyopita. Mwaka 1984 bunge la jimbo likapitisha sheria, gavana Kit Bond akaitia sahihi, na tangu mwaka uliofuata wilaya zote za jimbo zikawajibika kutoa huduma hiyo. Bond alikuwa wa chama cha Republican, na mwanawe alizaliwa mwaka uleule wa 1981, kwa hiyo hakuwa akizungumza mambo ya kusoma kwenye makaratasi tu. Mpango wenyewe unaitwa Parents as Teachers, na leo umeenea majimbo mengi na nchi nyingine kadhaa.

Kilichonigeuza mawazo kuhusu ile "bure" kimo ndani ya sheria hiyo: huduma ni ya kila familia yenye mtoto mdogo, tajiri kwa maskini. Niligundua hilo kwa macho yangu. Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa Mmarekani mweupe, mumewe ana gari mbili na boti, na mwalimu yuleyule alikuwa akitoka kwetu anaingia kwake. Siku nilipomwona akibisha hodi kule, mzigo ulinitoka. Nikajua hatukuorodheshwa kama watu wenye kasoro.

Mwalimu huyo mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mnyenyekevu, asiyependa kukaa kwenye kiti. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaketi chini kwenye mkeka. Alitaka tumwite kwa jina lake la kwanza. Mume wangu hakuweza, tukamwita Mwalimu, na mwishowe akazoea kuitika. Jambo la kwanza alilotuambia, kabla hajafungua mkoba, ni kwamba kwa sheria, yeye kama walimu wote, akiona mtoto anaumizwa hana budi kutoa taarifa. Mkalimani kwenye simu alilitafsiri hilo kwa Kiswahili safi cha pwani, polepole, na mume wangu akakaza shingo. Baadaye, Mwalimu alipoondoka, akaniambia, "Huyu angalau amesema mbele yetu." Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Nilitarajia anifundishe kulea. Alitumia muda mwingi kuniuliza. Kwenu mtoto wa umri huu hufanya nini? Mama yako alikuwa anawachezesha nini? Mimi nilikuwa nachambua maharage kwenye ungo kwa ajili ya jioni, na mtoto alikuwa amekaa miguuni pangu akinyoosha mkono kila mara. Mwalimu akaacha vitabu vyake kwenye mkoba. Akasema niendelee kuchambua, ila nitaje ninachofanya: hili jekundu, hili la njano, hili limetobolewa na mdudu tunalitupa. Nikaona aibu kuongea peke yangu mbele ya mgeni, lakini nikafanya. Mtoto akaanza kunitazama mdomo badala ya kuyatazama maharage. Halafu Mwalimu akaomba lile bomba la boksi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Akatumbukiza harage, likapita. Akatumbukiza kifuniko cha chupa ya soda, kikapita. Akajaribu kifuniko kipana cha mtungi wa siagi ya karanga, kikagoma. Kinachopita humo, akasema, mtoto wa chini ya miaka mitatu kinaweza kumkaba kooni. Tangu siku hiyo mwanangu alikuwa na mafungu yake ya vifuniko vikubwa kando ya ungo wangu, na mimi nimelitumia bomba lile kupima vitu vya nyumba nzima, mpaka binti yangu akawa ananicheka.

Hakuna tulichonunua. Vitabu aliviazima na kuvirudisha. Soksi zilizopotezana, makopo, bakuli za plastiki, hivyo ndivyo vilivyokuwa vifaa vya shule.

Mara kwa mara alileta dodoso ambalo mzazi mwenyewe anajibu. Maswali yanafuata umri wa mtoto kwa miezi: je, anapanda ngazi, anashika kitu kwa vidole viwili, anaelekeza kidole anapotaka kitu, anavua kofia mwenyewe. Majibu ni matatu tu: ndiyo, mara nyingine, bado. Napenda hiyo "bado". Kambini kwenye kliniki mtoto alikuwa juu ya mstari wa kadi au chini yake, na ukiwa chini unagombezwa.

Mwanangu alipofikisha miaka miwili, sehemu ya kutembea na kushika ilijaa ndiyo, na sehemu ya kusema ikajaa bado. Hakuunganisha maneno mawili. Kwa kweli hakuwa na maneno mengi ya kuunganisha. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama mkwe wangu, kwa simu kutoka Nyarugusu, alisema nimwache, baba yake naye alichelewa na leo anapiga kelele. Wapendwa wa kanisani walisema tunamchanganya kwa lugha: Kibembe cha baba, Kiswahili changu, Kiingereza cha dada zake. Mmoja alinishauri tuache kabisa vya kwetu tuseme Kiingereza peke yake, Kiingereza changu chenyewe kikiwa cha kuokoteza dukani.

Mwalimu alilipinga hilo waziwazi kuliko jambo lolote aliloniambia. Lugha mbili au tatu hazimfanyi mtoto kuwa bubu, alisema. Mpe ile unayoijua mpaka mwisho wake, unayoweza kumfokea nayo, kumbembelezea na kumhadithia. Kisha akatoa kwenye mkoba kifaa kidogo chenye waya mwembamba na kiziba laini mwishoni. Alikiingiza kiziba sikioni kwa mtoto akiwa amepakatwa na dada yake. Kifaa kinatoa mlio mdogo, na sikio zima hurudisha mwangwi wake lenyewe, mtoto hahitaji kusema wala kuinua mkono. Sikio la kulia halikujibu. La kushoto likajibu kwa shida. Hakutangaza ugonjwa wowote, alisema labda ni mafua tu, atarudia baada ya wiki chache. Aliporudia matokeo yakawa yaleyale, akatuandikia barua ya kwenda kwa daktari.

Nilikuwa na hakika sikio la mwanangu ni zima kwa sababu alipimwa alipozaliwa hospitalini na akafaulu. Nikafahamishwa kwamba kipimo kile ni cha siku ile. Majimaji yanaweza kujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio baadaye, mtoto akipata mafua ya mara kwa mara, na yakikaa muda mrefu anasikia kama mtu aliye chini ya maji. Haoni maumivu, hana homa, kwa hiyo mzazi hana sababu ya kushtuka. Yeye mwenyewe hajui kwamba wenzake wanasikia zaidi. Daktari aliweka vijibomba vidogo kwenye ngoma za masikio, kazi fupi, tukarudi nyumbani siku ileile. Jioni hiyo mashine ya kufulia ilipoanza kuzunguka alikimbilia kwangu akaishika sketi yangu. Mashine ile ilikuwa humo ndani tangu azaliwe.

Maneno hayakumwagika mara moja kama wanavyosimulia kwenye shuhuda nyingine. Mwalimu alituunganisha na First Steps, huduma ya Missouri kwa watoto wachanga wenye mahitaji maalumu hadi wanapotimiza miaka mitatu, na mtaalamu wa usemi akawa anakuja. Nilichobakiwa nacho mimi ilikuwa kazi ya kila siku ya kutaja vitu. Neno lake la kwanza la kulirudiarudia lilikuwa "nini?", akiuliza kila kitu kwa kidole. Sahani, nini? Mvua, nini? Lilituchosha, na hatukuthubutu kumnyamazisha.

Mume wangu anafanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Mwanzoni Mwalimu akija yeye alikuwa amelala, au amejilaza tu chumbani akisikiliza. Mwalimu akauliza anaamka saa ngapi, akahamisha saa yake ikawa alasiri. Sidhani kama kuna ofisi nyingine Marekani iliyowahi kubadilisha ratiba kwa ajili ya mtu wa zamu ya usiku. Basi mume wangu akawa hana pa kujificha. Kwetu baba hachezi na mtoto mchanga, anamngoja akue aanze kusikia amri. Mwalimu hakumhubiria. Alimpa kazi: kila jioni kabla ya kwenda kiwandani amvishe mtoto viatu, na ahesabu vidole kwa Kibembe huku akimvisha. Ni dakika chache. Leo mtoto ana umri wa shule, viatu anajivalisha, lakini namba za Kibembe anazijua kuliko dada zake wote wawili. Huyo mwanamume sasa ndiye anayewaambia vijana wapya kiwandani waijibu simu ya wilaya.

Ningeishia hapo kama isingekuwa bajeti. Jimbo huzirudishia wilaya sehemu ya gharama za ziara hizi, kinachobaki wilaya inajazia mfukoni mwake. Baada ya mdororo wa uchumi wa 2008 wabunge wa Missouri waliukata mfuko huo vibaya, na walimu wa zamani wa mpango bado wanauzungumzia mkato ule kama watu wa kijijini wanavyozungumzia mwaka wa njaa. Serikali kuu nayo ina mfuko wake wa ziara za nyumbani, ulioanzishwa kwa sheria ya afya ya mwaka 2010. Bunge la Washington liliuongezea muda Desemba 2022, na kiwango chake kikapangwa kipande kutoka dola milioni 500 mwaka 2023 hadi milioni 800 mwaka 2027. Zinasikika kama fedha nyingi mpaka uzigawanye kwa majimbo hamsini.

Mwaka mmoja wilaya yetu ilitaka kupunguza walimu wa ziara. Bodi huruhusu wananchi kusema, dakika tatu kila mmoja. Ukisema kwa mkalimani dakika tatu zinakuwa moja na nusu. Kwa hiyo binti yangu wa kwanza alinisaidia kuandika kwa Kiingereza, akanisomesha matamshi jikoni kila jioni kwa ukali ambao hajaupata kwangu. Nilisimulia habari ya sikio na kifaa, basi. Sikuomba huruma.

Mjumbe mmoja alijibu kwa upole, na hoja yake si ya kudharauliwa. Alitaja utafiti mkubwa wa serikali kuu, ripoti yake ya 2019, uliofuatilia familia zipatazo 4,200 katika majimbo 12 na kukuta kwamba ziara za nyumbani zilileta tofauti ndogo tu kwa wastani. Ni kweli, ripoti inasema hivyo. Lakini kuna utafiti mwingine wa Jamaica ambao wataalamu wa fani hii hawaachi kuutaja. Katika miaka ya 1980 Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa katika mitaa ya maskini ya Kingston. Baadhi yao walitembelewa na wahudumu wa afya wa kawaida kila wiki, saa moja, kwa miaka miwili, wakacheza na mama zao kwa vitu vya kutengenezwa nyumbani. Walipofika umri wa miaka 22, waliotembelewa walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa. Sidai kwamba Kansas City ni Kingston. Watoto wale walikuwa na utapiamlo, na wao walitembelewa kila wiki, sisi kila mwezi, au mara mbili kwa familia zenye mizigo mizito zaidi. Nadhani hapo ndipo penye jibu. Ukipunguza dozi usiilaumu dawa. Na ule wastani wa familia 4,200 una watoto wengi waliokuwa wazima tangu mwanzo, ambao kifaa kingewaambia tu kuwa masikio yao yako sawa. Sikio la mwanangu ndani ya wastani huo halionekani.

Bodi haikupiga makofi. Waliahirisha, wakarudi mwezi uliofuata, wakaamua kuwabakiza walimu waliopo na kutojaza nafasi ya aliyestaafu. Ni ushindi wa nusu, na orodha ya familia zinazongoja imerefuka. Mwakani suala litarudi mezani tena.

Sasa nasema na nyinyi mnaosoma Kiswahili mkiwa Marekani, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Watanzania, Wakenya. Mkiwa Missouri na mna mtoto asiyefikia umri wa chekechea, pigieni simu ofisi ya wilaya yenu ya shule, mtaje Parents as Teachers. Majimbo mengine yana mipango yenye majina tofauti, kama HIPPY, ambao Hillary Clinton aliupeleka Arkansas alipokuwa mke wa gavana miaka ya 1980. Kama hujui wa kwenu unaitwaje, muulize mwalimu wa mtoto wako mkubwa. Usiseme Kiingereza kinakushinda, kwa maana sheria ya haki za kiraia ya 1964 inazibana shule zinazopokea fedha za serikali kuu ziwasiliane nawe kwa lugha unayoielewa, na mkalimani hulipi wewe. Mgeni akija mkaribishe sebuleni hata kama hujadeki. Na siku wilaya yenu itakapojadili bajeti, nendeni, msituachie wachache. Jina huandikwa kabla kikao hakijafunguliwa. Ukifika kikao kimeanza, hawatakuita.